Sauti ya Gari la Kliniki

Hakuwa mtawa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu hapa Tabora ukimtaja Sista, wengi wanafikiria kanisa. Huyu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Gongoni, mwenye ushungi mweupe chini ya kofia yake ya uuguzi, na Ramadhani alifunga hata siku tulizosukuma gari kwenye tope. Lakini zamani zile muuguzi yeyote mwanamke alikuwa Sista, naye aliitwa hivyo na majirani, na wauza kahawa, hata na imamu wa msikiti wa mtaani kwao. Jina lake la nyumbani nililiona kwenye karatasi za kazi tu. Sikulitumia hata mara moja, na leo pia sitalitumia.

Mimi nilikuwa dereva wake. Tulizunguka pamoja miaka mingi, yeye na mizani yake na sanduku la chanjo, mimi na gari ambalo lilikuwa limezeeka kabla hatujapata uhuru. Tabora, Nzega, Igunga, na vitongoji vya katikati ambavyo havikuwa na jina kwenye ramani. Sehemu moja ya safari tulifuata njia ya zamani ya misafara iliyokwenda ziwani. Nikilalamika mgongo, alikuwa akisema bila kunitazama:

"Dereva, watu wamepita hapa na pembe ya ndovu begani. Wewe umekalia kiti. Mgongo unauma kwa sababu gani?"

Na yeye mwenyewe, akidhani macho yangu yako barabarani, alikuwa akisugua magoti.

Alikuwa mtu wa kuchoka. Sijui niseme vipi ili lisionekane tusi. Wapo watu wanaochoka jioni wakapona asubuhi. Yeye alipanda gari asubuhi akiwa amechoka, akashuka amechoka, na kazi yote ikafanyika hapo katikati bila kukosa hata mtoto mmoja. Sikuwahi kumwona akikimbia. Hata siku mwanamke mmoja alipojifungulia kando ya barabara, karibu na mto Manonga, alishuka taratibu, akanawa mikono taratibu, na mtoto akapokelewa. Nilipomuuliza kwa nini hakuharakisha, alinijibu: "Mimi ningeharakisha, na yeye angeogopa. Wawili tungekuwa hatuna akili."

Mdomo wake ulikuwa mkali. Mama akichelewa kliniki alimgombeza mbele za watu mpaka nikaona haya mimi. Nakumbuka mmoja aliyefika jua limeshapinduka, mikono yake imenata utomvu wa tumbaku. Sista alimwita mjinga, akamwita muuaji wa mwanawe, kisha akamchukua yule mtoto, akamdunga, akamweka begani. Mama aliketi kwenye kivuli cha gari kungoja, usingizi ukamchukua. Sista alikaa na mtoto yule mpaka alasiri. Nilipotaka kuwasha gari tuondoke alinikodolea macho.

"Ukiliwasha utamwamsha," alisema. "Una haraka ya kwenda wapi?"

Muziki hakuupenda. Gari lilikuwa na redio ya valvu, ya wakati wa mkoloni, ambayo ukiiwasha unangoja ipate moto kwanza ndipo iseme. Mimi niliipenda redio ile kuliko gari lenyewe. Jumamosi kulikuwa na muziki wa dansi, na mimi nilikuwa bado kijana. Lakini Sista aliruhusu taarifa ya habari na matangazo ya vifo basi. Baada ya hapo mkono wake ulinyooka, redio ikazimwa. "Muziki unalegeza magoti," alisema. Siku moja nilirudi kutoka kisimani na debe la maji ya rejeta, nikamkuta amekaa peke yake garini, vioo vimefungwa na joto lote lile, dansi inalia, na yeye amefumba macho. Nikageuka, nikaenda kusimama nyuma ya mti mpaka wimbo ulipokwisha. Hatukulizungumza.

Kisha ikaja miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vya pamoja.

Mwanzoni watu waliambiwa, na wengine walikwenda kwa hiari yao. Waliobaki wakaja kufuatwa na malori. Sitaki kuhukumu jambo zima. Shule nyingi zilizoko leo zilitoka huko, na mimi nina watoto waliosoma humo. Nasema lile lililotufika sisi wa kliniki. Watu wa vitongojini walianza kukimbia mlio wa gari. Hawakuwa na njia ya kujua kwa mbali kama ni lori la kuhamisha au ni gari la chanjo. Tulifika mahali tukakuta mafiga bado yana moto, uji unachemka, na hakuna mtu. Wako vichakani na watoto wao mgongoni, na surua inatembea.

Sista aliketi juu ya jiwe, akafunika ule uji usiingie vumbi. "Dereva, wanakukimbia wewe," alisema.

Wakati ule daktari mmoja mgeni alikuwa akirudi kwao, akamwachia Sista redio kaseti ndogo, ya kushika mkononi, na kaseti moja ya muziki. Mimi nilifurahia ile kaseti. Yeye aliifuta. Alikwenda nayo kitongoji tulichokuwa tumekwisha kuchanja, kwa mkunga mmoja wa jadi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye kila mtu upande ule alikuwa amezalishwa naye au amezalishiwa mtoto. Mkunga akasalimu ndani ya mashine kwa lugha ya kwao, Mwangaluka, kisha akasema: Mimi fulani. Gari mnalolisikia ni la Sista. Watoto wangu wamechanjwa, hawakuchukuliwa. Tokeni. Akaimba kidogo, wimbo wa kubembeleza watoto. Akacheka mwishoni, na kile kicheko kikabaki humo.

Lakini sauti ya mashine ile haikufika hata hatua thelathini. Sista akataka itokee kwenye redio ya gari.

"Unaweza kuunganisha?" aliniuliza.

Nikasema naweza. Ujana. Nilichukua waya mbili za umeme wa gari nikazipeleka kwenye kaseti kama nilivyomwona mtu akifanya kwenye gari jipya la ofisini. Mashine ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Sista alisimama pembeni na chupa ya chai.

"Moshi huo ni wa serikali," aliuliza, "au ni wa nyumbani kwako?"

Tukaipeleka mtaa wa Kanyenye kwa fundi redio. Fundi aliifungua, akaigeuzageuza, akasema haikufa, imejeruhiwa. Kisha akaingia chini ya dashibodi, tukabaki tunaiona miguu yake tu.

"Gari hili ni la zamani," sauti yake ilitoka humo ndani. "Bodi yake ni chanya. Magari ya sasa bodi ni hasi. Wewe umeliunganisha kama la sasa. Mshukuru Mungu."

"Mimi chanya na hasi sizijui," Sista alisema. "Nataka mwanamke akisema kwenye kisanduku hiki, asikike na mtu aliyejificha kichakani."

"Inawezekana. Lakini umeme tusiuchanganye. Kaseti itumie betri zake yenyewe. Tutakachopitisha ni sauti peke yake. Itoke kwenye tundu la kaseti, ipite kwenye waya, iingie kwenye redio ya gari pale inapoongezewa nguvu, redio ndiyo iipaze."

"Betri hazipatikani madukani, fundi."

"Basi useme kwa uchache, Sista."

Alifanya kazi siku nzima. Waya ya sauti aliipitisha chini ya mkeka wa gari nisije nikaikanyaga. Spika aliitoa ndani, akaifunga kwenye debe lililokatwa kitako, akaliweka juu ya paa, mdomo ukiangalia mbele. Akanipa sharti moja: nikifika, nizime injini kwanza. "Injini ikiwa inanguruma, watu watasikia nyuki, hawatasikia mwanamke."

Tulipojaribu, Kanyenye nzima ilitoka madukani. Ile Mwangaluka ya mkunga ilipita juu ya mabati ya mtaa, na mzee mmoja aliyekuwa akinunua sukari aliitikia kwa heshima kabla hajagundua kwamba hakuna mtu.

Na ilifanya kazi. Nilikuwa nikisimama mbali kidogo na nyumba, nazima injini, nangoja redio ipate moto, kisha nabonyeza. Sauti inakwenda ndani ya mwitu. Kimya. Halafu mbwa. Halafu mtoto mmoja anachungulia, halafu mama, halafu wote, wameshika kadi zao za kliniki. Wengine walifika wakiuliza mkunga yuko wapi, wakilizunguka gari kumtafuta. Kwa muda wa mvua moja na kiangazi kimoja hatukukuta uji ulioachwa motoni. Sista hakusema kuwa amefurahi. Ila alianza kunigawia mihogo yake ya kuchemsha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kisha ikaja siku moja, Sista yuko kitandani na malaria. Mimi nilikuwa ofisini nalisafisha gari. Akaja kiongozi wa msafara wa malori, mtu mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi vizuri. Akaniambia twende, gari limeruhusiwa.

Njiani alikuwa akiniuliza habari za watoto wangu. Tulipokaribia kitongoji kimoja upande wa Igunga, malori yalibaki nyuma, yamezima injini. Tukasogea sisi peke yetu. Nikasimama pale ninaposimama siku zote.

"Fungua ile sauti yenu," alisema.

"Mzee, ile ni ya kliniki."

"Na mimi nimesema ni ya nini? Fungua."

"Sista hayupo, mzee. Watakuja na watoto, na hakuna chanjo."

Akaniangalia kwa upole uleule. "Kijana, wewe ni dereva wa nani?"

Nikaiwasha redio. Nikangoja ipate moto. Ule muda wa kungoja nimeukumbuka maisha yangu yote, kwa sababu ulinitosha kabisa kushuka na kuondoka. Kisha nikabonyeza.

Walitoka kama walivyozoea. Mama mmoja alikuwa ameshamvua mtoto nguo ili asichelewe kupimwa. Walikuwa wamelizunguka gari, kadi mkononi, mkunga bado anaimba juu ya vichwa vyao, ndipo malori yalipokuja kwa nyuma. Hakuna aliyepigwa mbele yangu. Walipakiwa. Vyungu vilipakiwa, na kuku waliokamatika. Waliokuwa mashambani walikuja mbio wakapakiwa nao. Mapaa yalivutwa ili wasirudi. Mimi nilikuwa kwenye usukani wakati wote, na wimbo ulifika mwisho, mkunga akacheka kile kicheko chake, kaseti ikanyamaza.

Sista alirudi kazini siku ya nne, amekonda. Alikuwa amesikia. Hakuniuliza kitu. Alikaa kiti chake, akafunga mlango, akasema, "Twende kwa mkunga."

Mkunga naye alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga, na hakunyanyuka. Sista alimsalimia mara mbili bila kuitikiwa.

"Dada yangu alikuwa kule," mkunga alisema mwishowe. "Aliniambia nilimwita mimi. Nimwambie nini? Kweli nilimwita."

Sista aliketi chini mbele yake.

"Ifute," mkunga alisema. "Ifute hapa, nione."

Kaseti haifutwi kama ubao. Ili kuifuta lazima uiache inase, mwanzo hadi mwisho, kwa muda wote ambao upande mzima hutumia kuzunguka. Sista aliiweka ile mashine chini kati yao, akabonyeza, na wale wanawake wawili wakakaa kuitazama inazunguka. Hakuna aliyefungua mdomo, maana lolote ambalo lingesemwa lingeingia humo. Karibu nusu saa. Niliona jasho linamtoka Sista, homa ilikuwa haijamwisha, lakini hakujifuta. Kuku walipita. Mtu alitwanga mahali. Ilipofika mwisho mashine ikajifyatua yenyewe, na mkunga akarudi kwenye karanga zake.

Tuliporudi Tabora Sista aliniambia ning'oe waya. Niling'oa zote, nikalishusha debe.

Tangu siku hiyo gari tuliliacha mbali. Nililiegesha maili moja kabla, wakati mwingine zaidi, na tukaingia kwa miguu, yeye mbele na sanduku la chanjo kichwani, mimi nyuma na mizani. Nilimwomba nibebe vyote viwili. Alikataa. "Waone ni mwanamke anakuja," alisema. Magoti yake yaliharibikia kwenye njia zile, hilo nina hakika nalo.

Mahali pa kwanza alipotaka kwenda ni kijiji kile kipya walikopelekwa wale watu. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, maji hakuna bado. Alitundika mizani kwenye nguzo, akakaa chini yake kutwa nzima. Wanawake walipita na ndoo zao, wakatazama upande mwingine. Hakuja mtu. Wiki iliyofuata tukarudi, akakaa tena, hakuja mtu. Nikamwambia, Sista, hawa hawatakuja, tunapoteza mafuta. Akasema mafuta ni ya serikali, na yeye hana pengine pa kuwa. Mara ya tatu alikuja mama mmoja, kwa sababu mtoto wake alikuwa amekwisha kugeuza macho. Sista alimpokea bila kumgombeza. Nilitamani amgombeze. Mtoto yule alipona, na baadaye wengine walianza kuja mmojammoja, lakini walikuwa wakitoa mtoto tu na kuangalia chini. Tangu hapo sikumsikia tena akimwita mama yeyote mjinga, awe aliyechelewa au asiyekuja kabisa. Watu walisema amekuwa mpole. Mimi nililiona kama ugonjwa.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingine kumi. Alizungumza nami habari za matairi, za mvua, za watoto wangu. Siku ile hakuitaja, nami sikuitaja. Kila asubuhi nilikuwa nasema moyoni, leo nikifika Nzega nitamwambia. Nzega tunafika, tunapita.

Alistaafu kabla yangu. Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona, na sababu yenyewe mnaijua. Nilikwenda Gongoni baada ya mimi nami kukabidhi funguo za gari. Nilimkuta ukumbini, amenyoosha miguu juu ya kigoda, magoti yamefungwa vitambaa vyenye harufu ya mafuta ya karafuu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Dereva. Umenenepa. Kaa."

Tulikunywa chai. Tukazungumza bei ya mchele. Kisha nikaweka kikombe chini, nikasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Kwamba siku ile ni mimi niliyebonyeza. Kwamba sikupigwa wala kushikiwa silaha. Kwamba redio ilichukua muda wake kupata moto na mimi nikakaa nikaungoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua kuwa ni wewe," alisema. "Yule bwana hata kitufe asingekijua."

"Mbona hukuniuliza, Sista? Miaka yote ile?"

"Ningekuuliza, nawe ungeniuliza." Alijirekebisha kitini kwa shida. "Alipita hapa jana yake. Nilikuwa nimelala chumba kile. Akasimama mlangoni kwa adabu, akaomba gari na ile sauti, kwa siku moja. Alisema ni mkutano wa kuwaeleza watu habari za maji. Nikamwambia chukua."

"Ulikuwa na homa, Sista."

"Nilikuwa na homa," alisema. "Lakini si homa ya kiasi hicho. Nilimwona yule mtu usoni, nikajua. Nikajiambia nimechoka, wacha waende huko, wakikaa pamoja nitawachanja kwa urahisi. Nililiwaza hilo. Kwa urahisi. Kisha nikageukia ukutani nikalala."

Nje mtu alikuwa akiuza samli, anaita nyumba kwa nyumba. Tulimngoja apite.

Nilikuwa nimekuja nikidhani atanisamehe, au atanifukuza, na vyote viwili nilikuwa nimejiandaa navyo. Nikajikuta nimesema, "Basi, Sista, mimi nimekusamehe, nawe unisamehe."

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale waliochelewa, zamani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliona ukali wake wa kwanza umerudi machoni.

"Acha ujinga," alisema. "Wa kusamehe hawako hapa Gongoni."

Aliyaangalia magoti yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua vyombo vya kuazima.

"Basi la Igunga siku hizi linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Sista."

"Kesho njoo saa kumi na moja," alisema. "Kuvaa viatu kunanichukua muda."